Meneja wa wanamuziki, mshauri wa kompyuta, mtu wa sera za intaneti: mwongozo kamili wa kuzifanya kazi tatu ukiwa Mbeya

Kwaya ya kwanza niliyoisimamia hapa Mbeya ilikuwa na sare mbili, kinanda kipya na watu wa kuujaza ukumbi mpaka madirishani. Kitu kimoja haikuwa nacho: jina lake. Jina la tovuti yao lilikuwa limesajiliwa na fundi mmoja wa kompyuta, kwa barua pepe yake na kwa kadi yake ya benki. Walipokosana naye kwa deni la laki moja na nusu, tovuti ikazimika. Nilimfuata dukani kwake Mwanjelwa. Wala hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha kiti, akasema, "Kaka, lile jina kimaandishi ni langu. Nenda popote."

Nikaenda popote. Nilianza kwa mwanasheria, nikafika kwa kampuni inayouza majina ya tovuti, na mwisho nikajikuta nasoma kanuni zinazotungwa na watu wanaokutana mara tatu kwa mwaka, kila mara nchi tofauti, kuamua mtu akiporwa jina afanye nini. Nilipoinua kichwa nilikuwa na kazi tatu: umeneja wa muziki, ushauri wa teknolojia na sera za intaneti. Watu huniuliza nazichanganyaje. Sizichanganyi, kwa sababu kwangu ni kazi moja. Mtunzi wa wimbo, SACCOS yenye kompyuta nne na mtumiaji wa intaneti wa Chunya wote wana swali lilelile: nani kaandikwa kuwa mwenye mali, na karatasi iko wapi?

Wala mimi si wa kwanza. John Perry Barlow alikuwa mfugaji wa ng'ombe kule Wyoming, Marekani, akiitungia mashairi bendi ya Grateful Dead, na mwaka 1990 akawa mmoja wa waanzilishi wa EFF, taasisi inayotetea haki za watumiaji wa mtandao. Peter Jenner alikuwa mhadhiri wa uchumi London kabla ya kuwa meneja wa bendi ya Pink Floyd, na uzeeni akawa anabishana kwenye mikutano kuhusu leseni za muziki wa kidijitali. Kama mfugaji aliweza, mtu wa Uyole anashindwa nini?

Hatua ya kwanza: kompyuta zikulishe kabla muziki haujakulisha

Vijana wengi huanza na msanii. Wanamchukua kijana mwenye sauti, wanamlipia studio, wanampiga picha, miezi sita baadaye wana madeni na ugomvi. Ushauri wangu ni mgumu kidogo kumeza: muziki uanze kukupa jina, ugali utoke kwenye kompyuta.

Nyanda za Juu Kusini zina wateja wengi ambao mtu wa Dar es Salaam hawajui. Kuna AMCOS za kahawa Mbozi, wasindikaji wa mpunga Kyela na Mbarali, wafanyabiashara wa mbao Mafinga, wauzaji wa parachichi Njombe, hoteli za Iringa zinazopokea watalii wa Ruaha, shule za bweni, hospitali za makanisa. Karibu wote wana tatizo moja: kompyuta zipo, mtu aliyezifunga hayupo, na nywila aliondoka nazo.

Huduma ya kwanza ya kuuza, basi, iwe ukaguzi. Usianze na kutengeneza tovuti. Nenda ofisini na daftari, kaa siku moja, uandike: kompyuta ngapi, programu gani na leseni zake ziko wapi, nakala za akiba za data zinahifadhiwa wapi na lini mara ya mwisho zilijaribiwa kurudishwa, nani ana nywila ya ruta, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, barua pepe ya ofisi ni ya ofisi au ni ya mhasibu aliyeacha kazi. Ripoti isizidi kurasa mbili, kwa Kiswahili ambacho mwenyekiti wa bodi atakisoma bila kuitiwa mtu. Ukurasa wa kwanza: hatari tatu kubwa. Wa pili: kipi kifanyike wiki hii, kipi mwezi huu, kipi kinaweza kungoja, na gharama ya kila kimoja.

Toza bei ya kazi nzima, usitoze kwa saa. Mteja wa huku ukimwambia saa moja ni kiasi fulani atakaa anatazama saa ya ukutani badala ya kukusikiliza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta kazi nyingine. Inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Shule ina majina ya wazazi na namba zao za simu, SACCOS ina picha za vitambulisho vya wanachama, hospitali usiseme. Isome sheria hiyo mwenyewe, ibara kwa ibara. Wengi wanaoizungumzia hawajaifungua, na mshauri aliyeisoma anajulikana ndani ya dakika kumi.

Zabuni za serikali tangu 2023 zinapitia mfumo wa NeST. Jisajili mapema hata kama huna mpango nazo sasa, maana siku tangazo likitoka si siku ya kuanza kutafuta namba ya mlipakodi. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Malipo huchelewa, kwa hiyo usitegemee hela ya halmashauri kulipa kodi ya nyumba ya mwezi ujao.

Hatua ya pili: kaunta buku la studio

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa.

Studio nyingi za Mbeya ni chumba kimoja nyuma ya duka, magodoro ukutani ya kumeza mwangwi, na prodyuza aliyevaa jaketi hata mchana kama ni Juni. Wimbo unarekodiwa kwa saa tatu. Mmoja kaja na maneno, mwingine katoa kiitikio papo hapo, prodyuza kagonga biti. Furaha tupu. Ukiuliza "mgawo ukoje?" watu wanakuona mchawi. "Meneja, tutajuana tu."

Msijuane. Beba kaunta buku. Kabla mtu hajatoka chumbani, fungua ukurasa mpya, andika jina la wimbo, tarehe na mahali. Chini yake andika mafungu mawili, kwa sababu wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi yake. Ya pili ni rekodi yenyewe, ambayo mafundi huiita masta. Anayemiliki moja si lazima amiliki nyingine. Wimbo uliotungwa na mwalimu, ukarekodiwa na kwaya yake na tena na kwaya nyingine, una mtunzi mmoja na masta mbili.

Kwenye utunzi andika majina kamili ya kwenye kitambulisho, siyo majina ya kisanii peke yake, na asilimia za kila mmoja. Mfano: maneno 50, biti 30, kiitikio 20. Jumlisha mbele yao. Ikifika 100, kila mtu aweke namba ya simu na sahihi. Kwenye masta andika nani kalipia studio, na kama prodyuza amelipwa yote au anabaki na sehemu. Piga picha ukurasa, watumie wote hapohapo. Kazi nzima haizidi dakika nane. Nimewahi kuona wimbo uliokaa miaka miwili bila kutoka kwa kukosa dakika hizo nane.

Kama biti limenunuliwa mtandaoni, soma leseni yake. Leseni nyingi za bei rahisi si za kipekee, maana yake biti hilohilo wameuziwa watu kumi, na siku mmoja wao akilisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, video yako itadaiwa na mtu usiyemjua wa nchi usiyowahi kuifikiria. Mapato ya matangazo yanaenda kwake mpaka mmalize kubishana.

Usajili niupitie haraka. BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosajili wasanii na wadau wao, mameneja mkiwemo, na kutoa vibali. COSOTA ni ofisi ya hakimiliki, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Haki yako kisheria inaanza wimbo unapotungwa, na utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Cheti cha usajili ni ushahidi, na ushahidi unanunuliwa kabla ya ugomvi. Marekebisho ya 2022 yalifungua mlango kwa taasisi za wenye haki wenyewe kukusanya na kugawa mirabaha, hivyo usiishie kusajili wimbo. Hakikisha umejiunga pia na wanaokusanya. Jina la biashara ni BRELA, namba ya mlipakodi ni TRA, leseni ya biashara ni halmashauri.

Hatua ya tatu: asilimia ya nini?

Kwa kawaida meneja huchukua kati ya asilimia 15 na 20. Kila mtu anajua hilo. Swali ambalo wasanii hawaulizi ni asilimia ya nini.

Chukua shoo ya Tunduma. Promota analipa 3,000,000. Usafiri, malazi, wacheza shoo na fundi sauti wanakula 1,600,000. Meneja wa asilimia 20 akikata kwenye jumla anachukua 600,000, msanii anabaki na 800,000. Akikata baada ya gharama, anachukua 20% ya 1,400,000, yaani 280,000, na msanii anapata 1,120,000. Shoo ileile, neno moja tu kwenye mkataba. Mimi nakata baada ya gharama. Hela hupungua, lakini sijawahi kusimamia msanii aliyehama usiku.

Mkataba uwe na muda (mwaka mmoja wa majaribio unatosha), uwe na kifungu cha nani anashika nywila za akaunti zote, na useme baada ya kuachana meneja ataendelea kulipwa nini kwa kazi alizozileta yeye, na kwa muda gani. Usipoandika hicho cha mwisho, kuna siku utapiga simu ukidai chako, upande wa pili wacheke.

Neno la pembeni: watu wa Mbeya tunaitazama sana Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, tunasahau kwamba Tunduma ni kama kilomita 100, na ukivuka tu uko Nakonde, Zambia. Kasumulu ukivuka uko Malawi. Rayvanny, mtoto wa Mbeya, alihamia Dar na mwaka 2017 akabeba tuzo ya BET. Vizuri sana, lakini njia haiko moja. Kwaya zetu za Kimoravian na za KKKT zina wasikilizaji upande wa pili wa mpaka ambao hakuna mtu wa Dar aliyewahi kuwaimbia.

Hatua ya nne: hela za mtandaoni na Sanduku la Posta

Ili nyimbo zifike Boomplay, Spotify, Apple Music na kwingine unahitaji msambazaji wa kidijitali. Huyo atakupa ISRC, alama 12 zinazoitambulisha rekodi moja kama namba ya chasi inavyoitambulisha gari. Ihifadhi kwenye kaunta buku lilelile. Ukibadilisha msambazaji, hama na ISRC yako ya zamani, la sivyo wimbo utahesabiwa kama umezaliwa upya. Na jina la msanii liandikwe namna moja daima. Nukta moja au herufi kubwa mahali pasipo pake inatosha kugawa hesabu za mtu mmoja kuwa watu wawili.

YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukugawia matangazo. Video fupi zina kipimo chake. Kwenye video ndefu mwenye chaneli anapata asilimia 55. Malipo hutoka yakifika dola 100. Lakini kabla ya hapo kuna mlima mdogo unaowashinda wengi wa huku: mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya karatasi yenye namba ya siri ili wahakikishe anuani yako.

Barua ya karatasi. Mwalimu wetu wa kwaya alijaza anuani hivi: "Soweto, karibu na msikiti, nyumba ya geti la bluu." Tulingoja miezi miwili. Siku moja nikamwuliza, "Mwalimu, tuna Sanduku la Posta?" Akanyamaza, kisha akasema, "La kanisa." Tukabadilisha tukaweka S.L.P. ya kanisa, barua ikaja, karani wa parokia akadhani ni tangazo la kuuza Biblia akaiweka kwenye faili la matangazo. Tukaipata. Kwa hiyo: kodi sanduku la posta, au tumia la taasisi na umweleze karani mapema bahasha inafananaje.

Hatua ya tano: jina la tovuti, daraja la kuvukia

Sasa turudi kwa yule fundi. Jina la tovuti huuziwi, unakodishiwa, kwa kawaida mwaka kwa mwaka. Anayetambulika ni yule ambaye jina na barua pepe yake vimeandikwa kwenye usajili. Ukilipa wewe lakini akaandikwa yeye, umemlipia yeye.

Fanya zoezi hili leo kwa kila mteja na kila msanii. Fungua lookup.icann.org, andika jina la tovuti. Utaona kampuni iliyosajili, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, tangu sheria ya faragha ya Ulaya ya 2018 ilipobana. Basi mwombe anayeshikilia akaunti akufungulie mbele yako. Mwandikishwaji awe taasisi au msanii mwenyewe. Barua pepe isiwe ya jina hilohilo la tovuti, maana tovuti ikizimika na barua pepe inazimika, na ndiko ujumbe wa kuirudisha unakotumwa. Weka tarehe ya kuisha kwenye kalenda za simu za watu wawili.

Kwa .tz, mtu binafsi anaweza kutumia .me.tz, biashara .co.tz, taasisi zisizo za faida .or.tz. Mimi huwashauri wasanii wawe na la .tz pamoja na la .com, kwa sababu ugomvi wa .tz una mamlaka ya hapahapa unayoweza kuifuata.

Ugomvi wa .com huendeshwa kwa utaratibu uitwao UDRP, uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani. Malalamiko mengi hupelekwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu lililoko Geneva, na ada kwa jopo la mtu mmoja, majina moja hadi matano, ni dola 1,500. Jina lenyewe ulilinunua kwa dola kumi na kitu. Na unapaswa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: una haki ya alama inayofanana na jina, aliyelisajili hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Yule fundi hakuwa na nia mbaya wakati anasajili, alikuwa anatusaidia. Tungeshindwa. Tulikaa naye, tukamlipa deni lake, akahamisha jina kwa jioni moja, akatununulia na soda.

Usiku ule nilijiuliza: nani aliamua kwamba nia mbaya lazima ithibitishwe mara mbili, wakati wa kusajili na wakati wa kutumia? Kumbe kuna watu, wana mikutano, na milango yao iko wazi.

Hatua ya sita: anza na sera za nyumbani

Usikimbilie Geneva. Anza na kanuni zinazogusa watu unaowasimamia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka ada za leseni ambazo kwa mwaka wa kwanza zilifika shilingi milioni 2.1, na msanii mwenye chaneli ndogo hakujua kama anahusika au hahusiki. Tangu hapo zimeandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena. Kila rasimu inapotoka, TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, au wizara huita wadau. Wanaokwenda ni kampuni za simu na wanasheria. Meneja wa wanamuziki kutoka Iringa akisimama na mfano mmoja wa kweli anasikilizwa kuliko mwanasheria wa kumi.

Andika maoni kwa mpangilio huu: kifungu namba fulani kinasema hivi, kwa msanii wa Ipogolo maana yake ni hivi, tunapendekeza maneno haya mapya. Ukurasa mmoja. Lalamiko lisilo na maneno mbadala linasahaulika mlangoni.

Kisha ingia kwenye Jukwaa la Utawala wa Intaneti la Tanzania, ambalo hukutana kila mwaka, na tawi la Internet Society, shirika la kimataifa la kuendeleza intaneti. Hayo majukwaa ya kitaifa ni watoto wa lile la dunia, lililotokana na mkutano wa Tunis wa 2005 na kuanza Athens 2006. Afrika nayo ina lake, na mwaka 2025 lilifanyika Dar es Salaam. Mwaka 2023 Dar hiyohiyo ilipokea mkutano wa uhuru wa intaneti Afrika unaoandaliwa na shirika la CIPESA. Basi la usiku linatosha, pasipoti haihitajiki.

Ukitaka kuona sera inavyogusa muziki, kumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo tulikuwa tupandishe video ya Pentekoste. Nilikaa Kabwe na simu tatu za mitandao mitatu, mduara unazunguka. Kabla ya hapo maneno kama kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, ili data ya hapa isizungukie nje, yalikuwa usingizi mtupu kwa wanakwaya. Siku hiyo waliniuliza wenyewe.

Hatua ya saba: kuingia ICANN bila kupotea

ICANN ilianzishwa 1998, na kazi yake ni kuratibu majina na namba za intaneti. Haishughulikii maudhui, usiende kulalamikia Facebook. Mikutano yake mitatu ya mwaka huzunguka mabara. Juni 2024 ilikuwa Kigali.

Kabla ya chochote, maliza kozi za bure za ICANN Learn. Kisha chagua nyumba, yaani kundi la kujiunga nalo. AFRALO ni ya watumiaji wa kawaida wa Afrika. NCUC ni ya wasio wa kibiashara. Kuna nyumba ya wafanyabiashara, na kuna ya wenye hakimiliki na alama za biashara. Meneja wa wanamuziki anaweza kubisha hodi kwenye zaidi ya moja, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu: vikundi vya kazi vinataka utangaze maslahi yako kwa maandishi. Andika wazi kwamba unasimamia wasanii na unashauri kampuni, na wateja wako ni wa aina gani. Nimeona mtu mwenye hoja nzuri kabisa akipuuzwa mwaka mzima kwa sababu ilikuja kujulikana baadaye nani alikuwa anamlipa.

Kwetu kuna mada iliyo wazi. Mwaka 2012 waombaji 8 waligombea mwisho wa jina wa .music; ilichukua miaka mingi, na kampuni ya DotMusic ndiyo iliyobaki nao. Duru mpya ya 2026 ina ada ya dola 227,000 kwa ombi moja. Hakuna chama cha wanamuziki wa Nyanda za Juu chenye hela hiyo, lakini masharti ya nani aruhusiwe kusajili chini ya majina hayo yanajadiliwa hadharani, na maoni ya umma hupewa kawaida siku 40. Barua ya kurasa mbili kutoka Mbeya haina ada.

Simu za vikundi vya kazi hupangwa kwa saa za UTC, ongeza tatu. Kikao cha 13:00 kwao ni saa kumi jioni kwetu, kizuri. Cha 20:00 ni saa tano usiku, na Julai ya Mbeya unaijua baridi yake. Weka bando la akiba la mtandao mwingine, na kaa karibu na jiko. Sikiliza miezi mitatu kabla ya kusema. Jitolee kuandika muhtasari wa kikao: kazi wanayoikwepa wote, na inayokufanya ujulikane upesi.

Kwa safari, omba nafasi ya ufadhili ya ICANN, inayolipa ndege, hoteli na posho. Mlango wa maombi hufungwa miezi mingi kabla ya mkutano, na viza unaitafuta mwenyewe, balozi nyingi ziko Dar. Hesabu basi, siku mbili za kulala, picha za viza na kadi ya homa ya manjano kama gharama yako. Kwenye fomu usijisifu. Eleza tatizo moja la watu wako na umekwisha lifanyia nini.

Ukifika, kwenye kikao cha wazi kila mtu hupewa dakika mbili, saa inahesabu kurudi nyuma kwenye skrini kubwa. Andika ulichotaka kusema, soma kwa sauti hotelini, kata nusu. Sema jina lako, unatoka wapi na unamsemea nani. Kisa kimoja. Ombi moja. Mimi mara ya kwanza nilimaliza salamu zikiwa zimebaki sekunde 70. Tafsiri ya vikao hufuata lugha sita za Umoja wa Mataifa, Kiswahili hakimo, hivyo utasema Kiingereza au Kifaransa. Taratibu, wakalimani nao ni watu.

Hatua ya nane: wiki yako

Sera hazilipi, angalau kwa miaka ya mwanzo. Mimi siku tatu ni za wateja wa kompyuta, siku moja na wikiendi ni za muziki, asubuhi mbili ni za kusoma na kuandika maoni. Ikifika msimu wa Krismasi na Pasaka kwaya zinakula kila kitu, sera zinangoja, nami huwaambia wenzangu wa vikundi vya kazi mapema. Mapato ya wasanii yakae akaunti yake, ya ushauri akaunti yake. Ukiyachanganya hata mwezi mmoja, hesabu ya mgawo haitarudi sawa.

Ukirudi safari, ndani ya wiki moja waite waliokutuma. Mimi niliwakusanya wanakwaya baada ya mazoezi, nikawasimulia ukumbi ulivyokuwa, watu walivyobishana siku nzima juu ya neno moja. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mwalimu akainua mkono: "Sawa, kijana wangu. Na lile jina letu, mwaka huu linaisha lini?"

Nikatoa simu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.